Dada, Siji Kuuguzwa

Magongo, Changamwe
Jumapili, asubuhi

Dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo. Na shikamoo ya pili iwe ya siku zote nilizokuahidi simu nisipige. Nawasalimu na wote walioketi hapo dakani mlangoni, maana najua barua hii haisomwi kwa siri. Ummi amekunja miguu juu ya mkeka anasoma kwa sauti, wewe umeinamia ukili wako unasuka, na majirani wamejisogeza kidogo kidogo wakijifanya wana shughuli nyingine. Ummi, mwanangu, soma pole pole. Mama yako akikukatiza, mwambie mjomba amesema asubiri zamu yake.

Hali zenu? Kifua cha shemeji kimetulia? Paa la jikoni lilizibwa kabla ya mvua, au bado mnahamisha masufuria huku na huku? Mimi nipo, nala, nalala, naenda kazini na kurudi, na la kumshukuru Mungu ni jingi kuliko la kulalamikia. Joto la huku wewe walijua. Shati nikilivaa likavu nafika kazini limelowa.

Utauliza mbona barua na simu ipo. Dada, kwa simu sikuwezi. Nikifungua mdomo tu umeshanijibu, nikikujibu umeshalia, na ukishalia mimi huwa sina la kusema ila "inshallah". Mara tatu nimekata simu nikiwa nimekubali jambo nisilolitaka. Kwa barua nitamaliza maneno yangu, nawe utayajibu yote kwa pamoja, na najua utayajibu.

Mwezi uliopita ulinitumia sauti yako kwa simu ya Ummi. Nimeisikiliza hata najua ni wapi mbuzi analia na ni wapi Ummi anasema, "Mama, endelea, bado yashika." Uliniambia hivi: "Nduu yangu, ndoo, rudi nyumbani. Wasikia? Wacha kazi ya watu. Sukari si ugonjwa wa kuuguzwa na majirani. Ndoo nikuuguze mimi. Kitanda cha Baba kipo, na wallahi hata kikombe hutakiinua." Nilikuwa nimekaa na viatu vya kazi miguuni, sijavivua. Nililia, Dada. Mtu mzima na mvi zangu nililia, wala sikuona haya.

Nililia kwa sababu nyumbani napataka. Huku siku yangu haianzi kwa adhana, inaanza kwa malori. Yanapanga foleni kutoka barabara kuu mpaka karibu na mlango wetu wa uani, yanapumua kwa breki, na vumbi lake laingia hata ndani ya birika. Mimi naamka nikiwa bado nimo Faza. Kwa muda mfupi nasikia kinu cha jirani, nasikia punda wa maji wakipita kichochoroni, pale pembamba ambapo watu wawili wakikutana lazima mmoja ageuke ubavu, nasikia na wewe ukinihimiza nikachukue mkate wa mofa kabla haujaisha. Nautamani mkate ule kuliko nyama. Tulikuwa tukiuvunja kwa mikono ungali moto, na Baba akituachia upande ulioiva vizuri, yeye akila ulioungua na kusema ndio mtamu. Niliamini miaka mingi kwamba Baba alipenda mkate ulioungua. Kisha lori linapiga honi, nami nakumbuka nilipo.

Kazi ni ile ile ya ghala la chai. Mifuko yashuka kutoka bara, tunachanganya, tunapakia upya, yaenda ng'ambo. Ulikuwa ukinicheka nikija likizo kwamba nanukia majani ya chai hata baada ya kuoga. Bado nanukia. Vumbi lake hukaa kwenye kope.

Sasa nikueleze vizuri jambo ambalo kwa simu nililipitia juu juu. Nilikuambia "sukari imepanda kidogo", nikabadilisha mazungumzo. Haikuwa kidogo. Nilikuwa nakunywa maji kama ngamia, nakonda, na siku moja katikati ya kupanga mifuko magoti yakanilegea nikakaa chini mbele za watu. Msimamizi akaniambia niende zahanati ya hapa karibu, na huko ndiko nilikokutana na Sista Kerubo. Ni msichana wa Kisii, umri wake kama wa Ummi. Kiswahili chake cha bara, kimekatwa katwa kama kuni, lakini ana subira ambayo mimi sijapata kuiona kwa mtu aliyesimama kutwa nzima. Alinipa dawa, akanieleza ni za nini na zinaliwa vipi, kisha akanipa daftari. Kuna mashine ndogo ya kupima sukari ambayo wagonjwa wa mtaa wetu wanaitumia kwa zamu. Nikiwa nayo, nipime, niandike, na niandike nilichokula.

Dada, wanijua. Siku ya kwenda kliniki asubuhi nilikumbuka kwamba daftari liko tupu. Nikaketi, nikalijaza lote kwa mkupuo, nambari nzuri nzuri, na chakula nikaandika mboga kila siku kana kwamba mimi ni mbuzi. Sista akafungua, akatazama, akafunua ukurasa, akatazama tena. Kisha akacheka mpaka akashika meza.

"Mzee, hii sukari yako iko jeshini? Kila siku imesimama tu pahali pamoja!"

Nilitaka ardhi inimeze. Yeye akanirudishia daftari, akasema, "Sikukupea hii kitabu nikuwekee maksi. Ni yako. Mimi nakuona dakika chache kwa mwezi. Hizo siku zingine zote unaishi na hiyo sukari peke yako. Hapo daktari ni wewe."

Nilikasirika. Mimi nimekwenda kwa daktari nitibiwe, naye ananiambia daktari ni mimi! Nilinung'unika njia nzima kwamba serikali imeishiwa hata na madaktari, sasa wagonjwa tunajitibu. Lakini niliporudi mwezi wa pili, daftari langu lilikuwa na nambari za kweli, mbaya zote, na hakunifokea. Aliuliza tu, "Kitu gani moja, moja tu, unaweza kubadilisha hii wiki?"

Nikafikiri, nikamwambia chai. Wewe wajua chai yetu hupikwa na sukari yake humo humo. Pale ghalani Mama Mwende, Mkamba anayetupikia, huchemsha sufuria moja kubwa la watu wote, na sukari anaitia kwa kopo. Nilikuwa nakunywa vikombe vitatu kila asubuhi. Nilikuwa naona haya kumwambia, maana mwanamume kuchagua chai mbele ya wapakiaji ni kujitafutia maneno. Nikapiga moyo konde, nikamwendea kabla ya wenzangu kufika.

"Nikutolee yako kabla niweke sukari?" akasema. "Hiyo ni kazi gani sasa? Leta kikombe."

Siku ya kwanza ilikuwa kama maji ya kuoshea vyombo. Wenzangu wakanicheka, wakaniita Bwana Mkubwa wa chai kavu. Leo vikombe vinavyotangulia sufuriani ni vinne, na mmoja ni wa yule aliyenicheka zaidi.

Basi mambo yakaenda hivyo, moja moja. Wali sikuuacha, nisikudanganye, lakini naupakua kwenye sahani yangu mwenyewe, najua nimekula kiasi gani. Mboga imeongezeka. Natembea kila jioni mpaka kituo cha mafuta na kurudi. Kila nikifanya jambo nikaona nambari imeshuka, nafurahi kama nimeshinda mchezo, na ikipanda nakaa chini nitafute ni nini kilichoipandisha. Hapo ndipo nilipoanza kumfikiria Baba.

Wakumbuka alivyorudi kutoka hospitali akiwa ameambiwa ana sukari? Tulimlaza siku ile ile. Seremala aliyekuwa hawezi kupita mbele ya mlango wa mtu bila kuutikisa aone bawaba, tukamlaza, tukamwambia sasa apumzike. Wewe ulimwogesha, mimi nilimpepea, shangazi alimlisha. Vidonge tulimtilia kiganjani naye akameza, na hakuna aliyemwambia hiki ni cha nini na hiki ni cha nini, kwa sababu hata sisi hatukuuliza. Majirani walimletea halua, maana mgonjwa hubembelezwa. Tulipokaa kwenye sinia kila mtu alisukuma kinono upande wa Baba. Nani angejua amekula kiasi gani, na mikono minane yamsukumia? Mikono yake mwenyewe ikawa haina kazi ila tasbihi. Na ule msumari uliomwingia unyayoni, tuliujua kwa harufu ya kidonda.

Tulimuuguza vizuri mno, Dada. Sikulaumu, kwa maana nami nilikuwa mmoja wenu, na ningekuwa na haki ya kumlaumu mtu ningeanza na mimi. Mji mzima ulitusifu. Katika mapenzi yote yale hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumtazama nyayo, wala kumuuliza yeye mwenyewe anataka nini.

Usiache kusuka. Bado nina aibu yangu ya kukupa, kwa maana bila hiyo utadhani nimekuwa mwalimu.

Chumba kinachotazamana na changu anakaa Bi Zuhura, mama wa Kidigo kutoka Likoni. Mumewe alifariki, anakaa na bintiye anayefanya kazi hotelini Shanzu na kurudi jioni. Naye ana sukari. Tangu alipojua kwamba mke wangu alitangulia mbele ya haki na kwamba napika mwenyewe, hapitishi wiki bila kuniletea sahani. Mara mbaazi za nazi, mara samaki wa kupaka. Nawe ulinilea kwamba sahani ya jirani hairudishwi tupu, hata kama ni kuwekewa ndimu mbili. Mimi nina nini cha kurudisha? Majani ya chai. Nimemrudishia majani ya chai mpaka akaniambia, "Mwanangu, chumba changu sasa ni ghala la pili."

Jumapili moja aliniletea mbaazi. Katika mazungumzo akasema tembe zake zimekwisha, na siku yake ya kliniki bado. Nikaosha sahani yake, nikaangaza chumbani, ndimu hakuna, chai amenikataza kumletea. Jicho likaangukia vidonge vyangu. Nikasema moyoni, si sukari yake na sukari yangu ni sukari moja? Nikachukua karatasi nzima ya vidonge, nikaiweka katikati ya sahani, nikaifunika kwa kawa, nikampelekea. Alinibariki. Nilirudi chumbani nikijiona mtu mwema sana.

Kesho yake ilikuwa Jumatatu, na Bi Zuhura hufunga sunna. Akala daku kidogo, akameza viwili.

Nilitoka kazini mapema, ilikuwa alasiri. Nikamkuta amekaa kwenye kizingiti cha uani, jasho lamtiririka na upepo wavuma. Aliponiona akaniita Hamisi, jina la marehemu mumewe, akaanza kunigombeza mbona nimerudi bila nazi. Nilicheka. Hilo ndilo liniumalo mpaka leo, Dada, kwamba kwanza nilicheka. Kisha nikaona mikono yake inavyotetemeka, nikakumbuka aliyotufundisha Sista: jasho, kutetemeka, maneno kupotea, hiyo ni sukari imeshuka, mpe kitu kitamu upesi. Nikakimbia kukoroga sukari kwenye maji, nikamwekea mdomoni. Akafumba midomo.

"Nimefunga," akasema. "Shetani we!"

Nikamsihi. Nikamwambia mgonjwa ana ruhusa. Akageuza uso, midomo ameibana kama mtoto anayekataa dawa, na macho yake yameanza kulegea. Bintiye yuko Shanzu, uani hamna mtu. Basi nikamwambia, "Bi Zuhura, Magharibi ishaadhiniwa. Futuru."

Akanitazama. "Ishaadhiniwa?"

"Wallahi," nikasema. Mungu anisamehe, niliapa jua likiwa juu ya mabati.

Akasema bismillahi, akanywa. Akanywa yote. Nikamkorogea tena. Baada ya muda akaangalia angani, akaangalia kivuli cha kamba ya nguo, akaniita kwa jina langu. "Shee," akasema, "hii ni Magharibi ya wapi?" Nilimkumbatia bila kujali nani anaona.

Mimi na kijana wa duka la mbao tulimpeleka zahanati kwa mkokoteni wao wa kusukumia mbao, nami nikaungama yote mbele ya Sista Kerubo. Nilitaraji anifukuze. Yeye alitoa kabatini dawa kama zangu akaziweka upande mmoja wa meza, akatoa na kama za Bi Zuhura upande wa pili.

"Mzee, hii yako inashusha sukari hata kama mtu hajakula. Yake haifanyi hivyo. Na yeye alikuwa amefunga. Umeona?"

"Nimeona."

"Sawa. Sasa niambie wewe. Jirani akiishiwa na dawa tena, utafanya nini?"

Nikasema nitamleta hapa mimi mwenyewe, siku hiyo hiyo, hata kama si siku yake ya kliniki. Akaitikia kwa kichwa, akaandika. Ndipo sauti ya Bi Zuhura ikatoka kitandani alikolazwa, nyembamba: "Na sahani yangu? Itarudi na nini?"

"Mrudishie mchicha," akasema Sista, na sote tukacheka, mimi nikicheka na kulia. Bi Zuhura hakuniachia hapo. Kila anayekuja kumjulia hali humwambia, "Wenziwe huleta kaimati, huyu aniletea umauti. Na Magharibi kanitilia saa kumi!" Amenisamehe. Aliniambia siku ile ile kwamba kosa ni letu sote wawili, kwani naye alimeza bila kuuliza. Lakini mimi usingizi haukunirudia upesi. Nilikuwa nimemfanyia Bi Zuhura vile vile tulivyomfanyia Baba: nimemtilia kidonge kiganjani kwa mapenzi, wala sikuuliza kama chamfaa.

Tangu hapo twaenda pamoja kila Alhamisi, tunakaa kwenye mabenchi ya varanda ya zahanati, watu wa sukari na wa presha. Sista hukaa mwisho wa benchi na kusema machache. Tunaosema ni sisi. Kila mtu hutaja nambari yake bila kufichana, na mwenye tatizo huuliza wenziwe. Bi Zuhura ndiye aliyeuliza kuhusu Ramadhani, na Sista akapanga na kila mmoja wetu mapema, nani anaweza kufunga na dawa zake zisogezweje, na nani mwili wake haumruhusu. Bi Zuhura hakuruhusiwa. Alhamisi ya tatu akaja akasema atalisha maskini badala ya kufunga, na kwamba anayebisha aje amwone yeye. Mimi huenda pale hata siku ambazo sina la kupima. Watu wale wamekuwa jamaa. Namhesabia Bi Zuhura tembe zake zilizobaki, naye ananihesabia zangu.

Kwa hiyo Dada, sikiliza nisemalo, usilitafsiri vingine. Nikija nikalala kwenye kitanda cha Baba, nitauguzwa kwa mapenzi yale yale, na nitafika pale pale. Sitaki. Kikombe nataka nikiinue mwenyewe. Napenda kula sinia moja nanyi kuliko chakula chochote duniani, na nikija nitakaa pembeni yenu na sahani yangu, mtanicheka, mtazoea. Nimezaliwa hapo na nataka nizeekee hapo, lakini nizeeke nikitembea. Ukidhani ni kiburi cha mji, umenikosea. Nimekuwa nikitafuta jinsi ya kukwambia hivi kwa miezi, na ndiyo sababu ya simu kukatika katika, mtandao haukuwa na kosa.

Nisalimie shemeji Athmani, mwenzangu wa kugombana naye, umwambie aache kulala na dirisha wazi na kifua kile. Nisalimie ami Bwanaheri, aliyenifundisha kushika randa Baba alipochoka na ujinga wangu, na mkewe Bi Khadija, mlinzi wa kichochoro chote. Shangazi mbusie mikono, umwambie mafuta ya karafuu yalifika. Na wewe Ummi, msomaji wangu, Mungu akupe mume mwenye kusikiliza.

Ummi, hapa simama. Waombe watu radhi wainuke, ufunge mlango wa daka, umsomee mama yako yanayofuata mkiwa wawili.

Dada, mwisho wa ile sauti yako, baada ya kunigombeza na kuniombea dua, ulicheka. Ulisema umezeeka, kwamba juzi ulitoka kwa ami mpaka nyumbani mguu mmoja una ndara na mmoja hauna, na hukujua mpaka Bi Khadija alipokuita kutoka mlangoni kwake akikuuliza ndara ya pili umemwachia nani. Mara ya kwanza nami nilicheka. Sasa nikifika hapo naizima simu.

Sista ana kipande cha uzi mgumu. Anakufumbisha macho, akakugusa nyayo nao, pale na pale, akauliza, "Unasikia?" Mimi nasikia kote ila kwenye kidole kimoja. Alinieleza kwamba sukari ikikaa mwilini muda mrefu bila kujulikana huua hisi za miguu, na mwenye mguu hana habari, kwa kuwa hauumi. Njia ile ya kutoka kwa ami ni kokoto na makombe ya baharini tupu, Dada, na ulisema ilikuwa jua la adhuhuri. Nilipokuwa mdogo nilikuwa siwezi kuivuka bila kurukaruka, wewe ukinibeba mgongoni. Wewe umeipita na mguu mtupu, na hukusikia kitu.

Hujapimwa. Najua hujapimwa, maana siku zote wewe ndiye unayeuguza.

Nimeomba likizo na nimepewa. Nakuja Ijumaa. Siji kuuguzwa, na wala siji kukuuguza. Nakuja tufuatane mpaka zahanati, uingie kwa miguu yako, uulize kwa mdomo wako, nami nitakaa nawe siku zote za likizo mpaka dawa yako uijue kwa jina. Ninaogopa, Dada, sikufichi. Lakini Baba alikuwa nasi tusiojua lolote, na wewe una mimi ninayejua kidogo.

Mpaka nifike, vaa viatu hata ndani ya nyumba. Na sasa hivi, Ummi, weka barua chini, mwambie mama yako anyooshe miguu, umtazame nyayo. Akisema si kitu, tazama vilevile.

Mimi mdogo wako, uliyenifundisha kutembea,
Shee